Njia ya Baiskeli Kandokando ya Mto Danube

Njia ya baiskeli inayoufuata mto Danube kutoka Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani na Austria, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria, ina urefu wa takriban kilomita 320, nayo ni miongoni mwa njia za masafa marefu zinazopendwa sana barani Ulaya. Sehemu kubwa yake imepita juu ya vijia vya kale vya ukingoni, ambako farasi, kabla ya ujio wa meli za mvuke, walivuta kwa kamba vyombo vilivyopanda mto dhidi ya mkondo. Na kwa kuwa vijia hivyo viliambaa na maji, mwendesha baiskeli wa leo hakutani na vilima vingi.

Wasafiri wengi huelekea mashariki, kwa sababu ardhi hushuka polepole pamoja na mto na upepo aghalabu huvuma kutoka magharibi. Baada ya Passau, mahali Danube unapopokea mito ya Inn na Ilz, njia hupita mji wa viwanda wa Linz, kisha Melk, penye monasteri, yaani makao ya watawa, ya shirika la Wabenedikto, iliyojengwa upya katika karne ya 18. Kutoka hapo huingia bonde la Wachau, lenye mizabibu na miaprikoti, ambalo UNESCO ililitangaza kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Kipande hiki ni sehemu tu ya EuroVelo 6, njia inayounganisha Bahari ya Atlantiki na Bahari Nyeusi.