Dabi za Dunia: Namna Mataifa Yanavyowapima Farasi Wachanga

Katika nchi nyingi zenye mbio za farasi, shindano linaloheshimiwa kuliko yote si lile la farasi waliokomaa na kuzoea viwanja, bali ni lile la farasi wa miaka mitatu, ambalo kila farasi hupata kulishiriki mara moja tu maishani mwake. Jambo hilo huweza kumshangaza msomaji aliyezoea kandanda, ambako michuano ya vijana ni ngazi ya kupandia kuelekea ile ya wakubwa, lakini sababu yake hueleweka pindi inapokumbukwa kwamba mbio hizo hazikuanzishwa kwa ajili ya burudani na kamari pekee. Tangu mwanzo zilikuwa chekeche la kuwachagua madume na majike watakaozaa kizazi kijacho, na hadi leo thamani kubwa ya ushindi haimo katika kikombe wala katika fedha za siku ile, bali katika bei ambayo wafugaji watakubali kulipa ili majike wao wapandwe na dume aliyeshinda. Kwa hiyo taifa linapoamua umbali wa mbio, aina ya uwanja, na umri wa washindani, linaamua pia ni farasi wa namna gani litakuwa nao baada ya miaka ishirini.

Farasi wanaohusika ni wa nasaba iitwayo thorobredi, iliyojengwa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18 kwa kuwapandisha majike wa huko na madume walioletwa kutoka Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Ukoo wa kila dume wa nasaba hiyo, ukifuatwa upande wa baba, huishia kwa mmoja kati ya madume watatu, yaani Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, ambao wa pili wao alinunuliwa Aleppo, nchini Syria, na kufikishwa Uingereza mwaka 1704.

Umri wa thorobredi hauhesabiwi kwa siku halisi ya kuzaliwa. Katika nchi za kaskazini mwa ikweta zenye mashindano makubwa, wote huongezewa mwaka tarehe 1 Januari, hata kama mmoja alizaliwa Februari na mwingine Mei, ilhali Australia, New Zealand na Afrika Kusini hutumia tarehe 1 Agosti, kwa kuwa majira ya majani mabichi, ambayo ndiyo majira ya kuzaa, huwafikia nusu mwaka baadaye. Kwa vile jike hubeba mimba kwa takriban miezi 11, wafugaji hupanga upandishaji kwa uangalifu mkubwa ili mtoto azaliwe mapema ndani ya mwaka wake, maana aliyemtangulia mwenzake kwa miezi mitatu huingia uwanjani na mifupa na misuli iliyokomaa zaidi, ingawa kwenye karatasi wanahesabiwa kuwa rika moja.

Mfano uliofuatwa na karibu kila nchi ulitoka Uingereza. Hapo awali, farasi wa huko mara nyingi walisubiriwa hadi wafikishe miaka mitano au sita, kisha wakakimbizwa maili nne kwa raundi kadhaa katika siku moja, lakini katika robo ya mwisho ya karne ya 18 palizuka mbio fupi za farasi wa miaka mitatu: St Leger ya Doncaster mwaka 1776, Oaks ya Epsom kwa ajili ya majike mwaka 1779, na Derby, hapo hapo Epsom, mwaka 1780. Baadaye ziliongezwa 2000 Guineas mwaka 1809 na 1000 Guineas mwaka 1814, zote mbili Newmarket. Derby, ambayo tangu mwaka 1784 hukimbiwa kwa maili moja na nusu, yaani takriban mita 2,400, hufanyika kwenye nyasi zenye mwinuko, kisha mteremko wenye kona, kisha mnyoosho ulioinama upande mmoja, hivi kwamba anayeshinda huwa amepimwa mbio, pumzi, mizani na utulivu kwa wakati mmoja. Farasi aliyehasiwa haruhusiwi kushiriki, na katazo hilo linaeleza lengo la shindano kuliko hotuba yoyote, kwani asiyeweza kuzaa hana sababu ya kupitishwa kwenye chekeche.

Dume anayeshinda 2000 Guineas ya takriban mita 1,600, kisha Derby, kisha St Leger ya takriban mita 2,900, husemwa kuwa ametwaa Taji la Mara Tatu. Wa kwanza alikuwa West Australian mwaka 1853, na wa mwisho hadi sasa ni Nijinsky mwaka 1970. Camelot alilikaribia mwaka 2012, akashika nafasi ya pili katika mbio ya tatu. Uhaba huo hautokani na udhaifu wa farasi wa siku hizi, bali na soko, kwa sababu wanunuzi wa mbegu hutaka wepesi na kukomaa mapema, na ushindi wa mbio ndefu kama St Leger humshushia dume bei badala ya kumpandisha, hata wenye farasi bora huikwepa. Ufaransa nayo iliitii nguvu hiyo ilipoipunguza mwaka 2005 Prix du Jockey Club, dabi yake inayokimbiwa Chantilly, kutoka mita 2,400 hadi 2,100. Ni hasara ya kusikitisha, kwa kuwa pumzi ya masafa ni sifa iliyojengwa kwa vizazi vingi na haiwezi kurudishwa kwa agizo la msimu mmoja.

Marekani ilichukua jina la dabi na kuacha mengi yaliyobaki. Kentucky Derby, iliyoanza mwaka 1875 mjini Louisville, ilikuwa ya maili moja na nusu kama ile ya Epsom, lakini tangu mwaka 1896 hukimbiwa kwa maili moja na robo, yaani takriban mita 2,000, tena kwenye udongo uliochanganyika na mchanga, ambako aliye nyuma hurushiwa vumbi na matope usoni, na kwa hiyo kasi ya kutoka langoni ina thamani kuliko subira. Waliohasiwa huruhusiwa, na wawili wao, Funny Cide mwaka 2003 na Mine That Bird mwaka 2009, wameshinda katika karne hii. Taji la Mara Tatu la huko huunganisha shindano hilo na Preakness ya Baltimore na Belmont ya New York, na kwa kawaida zote tatu hukamilishwa ndani ya wiki tano. Ni farasi 13 tu waliofaulu, tangu Sir Barton mwaka 1919 hadi Justify mwaka 2018, na miongoni mwao Secretariat, aliyeshinda Belmont ya mwaka 1973 kwa kumwacha wa pili umbali wa urefu wa farasi 31, bado hajavunjiwa rekodi yake ya dakika 2 na sekunde 24 kwa maili moja na nusu kwenye udongo.

Historia ya shindano hilo ina sura ambayo haikupaswa kusahauliwa. Katika Kentucky Derby ya kwanza, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa Wamarekani weusi. Mshindi, Aristides, alipandwa na Oliver Lewis na kufundishwa na Ansel Williamson, ambaye alizaliwa utumwani. Na katika mashindano 28 ya mwanzo, ushindi 15 ulikuwa wa wapanda farasi weusi, akiwamo Isaac Murphy aliyeshinda mara tatu. Jimmy Winkfield alishinda mwaka 1901 na 1902, na baada yake hakuna mweusi mwingine aliyeshinda, kwa sababu ubaguzi wa rangi uliwasukuma nje ya kazi waliyoijenga, wakinyimwa farasi na wengine wakibanwa kwa makusudi uwanjani na wenzao weupe. Winkfield alihamia Urusi, akashinda huko pia.

Japani ndiyo nchi iliyoushika mfano wa Kiingereza kwa uaminifu kuliko Waingereza wenyewe. Satsuki Sho ya mita 2,000 hukimbiwa Aprili, Tokyo Yushun, yaani Dabi ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1932, huwa ya mita 2,400 mwishoni mwa Mei, na Kikuka Sho ya mita 3,000 hufanyika Kyoto mwezi Oktoba. Zote ni za nyasi, na waliohasiwa hawaingii. Farasi wanane wametwaa mataji yote matatu, wakiwamo Deep Impact mwaka 2005 na mwanawe Contrail mwaka 2020, ambao wote wawili walikuwa hawajashindwa hata mara moja walipoyakamilisha. Masafa marefu yameendelea kuheshimiwa huko kwa kuwa chombo kimoja cha kitaifa husimamia viwanja vikuu pamoja na kamari yake, na mapato hayo hurudi kuwa tuzo nono hata katika mbio za kawaida, kiasi kwamba mwenye farasi halazimiki kumharakisha kwenda shamba la uzazi. Watu nao huitikia: siku ya dabi ya mwaka 1990, watazamaji 196,517 waliingia katika uwanja wa Tokyo.

Matunda ya sera hiyo yalionekana kwa Sunday Silence, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka 1989, ambaye wafugaji wa Marekani waliidharau nasaba yake hata akauzwa Japani, na huko akawa dume la mbegu lililobadili kabisa ufugaji wa nchi hiyo. Deep Impact alikuwa mwanawe, na Auguste Rodin, mtoto wa Deep Impact, ndiye aliyeshinda Derby ya Epsom mwaka 2023.

Australia ilielekea upande mwingine. Ingawa ina dabi zake, shindano linaloamua bei za madume ni Golden Slipper ya Sydney, iliyoanzishwa mwaka 1957 kwa farasi wa miaka miwili wanaokimbia mita 1,200 tu, nalo limeifanya nchi hiyo kuwa mzalishaji hodari wa farasi wa kasi fupi. Hong Kong haina mashamba ya kuzalisha thorobredi, huagiza farasi ambao wengi wao wamehasiwa, na kwa hiyo dabi yake ni ya farasi wa miaka minne. Dubai huwakaribisha katika UAE Derby farasi wa pande zote mbili za ikweta, na kwa kuwa wale wa kusini wamezaliwa takriban nusu mwaka mapema, hubebeshwa uzito wa ziada ili usawa upatikane. Kenya, kwa upande wake, ilirithi utaratibu mzima wa Kiingereza, yaani Guineas, Oaks, Derby na St Leger, lakini zote hukimbiwa katika uwanja mmoja wa Ngong jijini Nairobi.

Suala zito linaloziunganisha nchi hizi ni mwili wa farasi mwenyewe. Mifupa ya miguu hujiimarisha kwa kadiri ya kazi inayopewa, na mazoezi ya wastani utotoni huifaa, lakini kasi kubwa inayorudiwa bila mapumziko huacha nyufa ndogo ambazo hujumlika hadi mfupa ukavunjika. Mwaka 2023 farasi 12 walikufa katika uwanja wa Churchill Downs, nyumbani kwa Kentucky Derby, ndani ya wiki chache, na mbio zikahamishiwa kwingine kwa muda. Tangu hapo hoja ya kuzitenganisha zaidi mbio tatu za Marekani imepata nguvu, na wenye farasi wameanza kuamua wenyewe: Sovereignty, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka 2025, hakupelekwa Preakness, akapumzishwa, kisha akashinda Belmont. Wanaopinga mabadiliko hudai kwamba ugumu wa wiki tano ndio uliolipa taji hilo hadhi yake, lakini dai hilo halisimami mbele ya mfano wa Japani, ambako kati ya dabi na mbio ya mwisho hupita takriban miezi mitano, na bado tangu mwaka 1941 ni farasi wanane tu walioweza kuzishinda zote tatu.