Kabla Chama Hakijajenga Kando ya Barabara



Katika vyama vya msingi vya Rungwe, ajenda ya ujenzi imekuwa jambo la kawaida katika mikutano mikuu. Chama kimoja kinataka ghala, kingine ofisi, na kingine vyumba vya maduka vya kupangisha. Sababu yake si ngumu kuiona. Barabara kuu itokayo Uyole, ikapita Kiwira, Katumba na Tukuyu hadi mpakani Kasumulu, imevuta watu na biashara pembeni mwake. Barabara ya Katumba, Mbambo hadi Tukuyu nayo imekuwa ikiwekwa lami kwa awamu, na vipande vya ardhi ambavyo zamani havikuwa na mnunuzi sasa vinagombewa. Nia ya vyama ni njema. Hata hivyo jengo la chama ni jasho la wanachama lililogeuzwa kuwa matofali, na ghala lililosimama mahali pasiporuhusiwa huweza kubomolewa bila chama kulipwa hata senti moja.

Yatupasa kwanza kuielewa hifadhi ya barabara. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu na za mikoa zilikuwa na hifadhi ya meta 22.5 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria hiyo iliipanua hifadhi hadi meta 30 kila upande, yaani meta 60 kwa jumla. Tuchukue mfano wa maghala mawili, yote yakiwa meta 24 kutoka katikati ya barabara. La kwanza lilijengwa kihalali mwaka 1995. La pili lilijengwa mwaka 2015. Kwa macho maghala haya hayana tofauti. Kisheria, la kwanza limefuatwa na barabara, hivyo mwenyewe anastahili fidia litakapohitajika kuondolewa. La pili limeifuata barabara, na mwenyewe hana cha kudai.

Hapo ndipo umuhimu wa jalada unapojitokeza. Chama kitathibitishaje kwamba ghala lake ni la mwaka 1995? Kwa muhtasari wa mkutano uliopitisha ujenzi, stakabadhi za mabati na saruji, na taarifa za ukaguzi za miaka ile. Katibu anayetunza karatasi hizo katika kabati lisilovuja anakifanyia chama kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Hatari nyingine ni kona. Barabara inapoboreshwa, kona kali huweza kunyooshwa, na katikati ya barabara ikahama. Katika milima yetu kona si chache. Kwa hiyo kupima kwa kamba kutoka katika barabara ya vumbi iliyopo leo hakutoshi. Yafaa kuandika barua TANROADS Mbeya na kuomba kuonyeshwa mpaka wa hifadhi kwa mujibu wa mchoro. Kwa barabara za wilaya na za mitaa, wa kuulizwa ni TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Kugawiwa eneo na halmashauri ya kijiji hakuondoi hifadhi ya barabara, hata kama barua ya kijiji ina mihuri mitatu.

Hati nayo iandikwe kwa jina la chama. Chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria, na kinaweza kumiliki ardhi. Hakuna haja ya kutumia jina la mwenyekiti, awe mwaminifu namna gani. Wazee wanakumbuka Mei 1976, Serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika na mali zake zikaingia mikononi mwa vyombo vingine. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika, kudai jengo bila karatasi kulikuwa kazi ngumu.

Pia tujiulize kama kila jengo lazima likae barabarani. Majani mabichi ya chai hayangoji. Yakichelewa kufika kiwandani yanaharibika, kwa hiyo kituo cha kupokelea chai hakina budi kuwa mahali lori linafika hata wakati wa mvua. Maziwa ni vivyo hivyo. Lakini kahawa na kakao zilizokaushwa vizuri huweza kungoja ghalani, na ghala lake likiwa nusu kilometa ndani, kwenye kiwanja cha bei nafuu chenye njia ya kupitika, hakuna kinachopotea. Kwa maoni yangu, vyama kadhaa vinafuata barabara kwa sababu ya kuonekana tu.

Kuhusu fedha, mkutano mkuu ndio unaopitisha makisio ya ujenzi. Mkopo usizidi ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano na kuidhinishwa na Mrajis. Malipo ya mazao ya wakulima yasinunuliwe saruji, hata kwa ahadi ya kurudishwa wiki ijayo.

Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Mei. Msingi uchimbwe kiangazi, na mitaro ya maji ikamilike kabla ya rangi ya ukuta. Mkataba wa fundi uruhusu chama kuzuia sehemu ya malipo hadi masika moja yapite, maana paa la huku halijulikani ubora wake mwezi wa Agosti.

Vyama ambavyo majengo yao yamekwisha kuwekwa alama ya X vitazame rangi yake. Nyekundu ni amri ya kuondoa. Kijani humaanisha kwamba jengo linastahili fidia. Chama kisiongeze chumba wala ukuta hapo, na nakala za hati, mihtasari na stakabadhi ziwe tayari siku mthamini atakapofika.