Bemotrizinoli, kinga isiyovunjwa na jua

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kopo la mafuta ya kujikinga na jua, SPF 30 au 50, hupimwa kwa kuangalia ngozi inavyobabuka. Kinachobabua zaidi ni mionzi ya urujuanimno aina ya UVB. Mwenzake, UVA, mwenye mawimbi ya nanomita 320 hadi 400, hupita kwenye kioo cha dirisha, huzama ndani zaidi ya ngozi, huizeesha na huchangia saratani bila maumivu ya kumshtua mtu. Namba hiyo haikuambii vya kutosha kuhusu UVA.

Kwa miaka mingi kemikali iliyotegemewa dhidi ya UVA ilikuwa avobenzoni. Huzuia vizuri, lakini jua lenyewe huivunja, hasa ikichanganywa na oktinoksati, kizuizi cha UVB.

Bemotrizinoli, kizuizi kingine cha mionzi hiyo, ilibuniwa na kampuni ya Ciba ya Uswisi, ikaruhusiwa Ulaya mwaka 2000. Katikati ya molekuli yake kuna pete ya triazini yenye nitrojeni, na jirani na nitrojeni hizo zimekaa hidrojeni mbili. Mwanga ukiipiga, hidrojeni huhamia kwenye nitrojeni, kisha hurudi mahali pake mara moja, na nishati yote hutoka ikiwa joto dogo. Molekuli hubaki nzima, tayari kupigwa tena. Humeza mionzi kwa nguvu zaidi karibu na nanomita 310 na 343, yaani UVB na UVA kwa pamoja, na huisaidia hata avobenzoni isivunjike. Tena ni kubwa, uzito wake wa molekuli ni takriban 628, hivyo ni vigumu kupenya ngozi na kuingia kwenye damu.

Marekani, ambako mafuta ya kujikinga na jua husimamiwa kama dawa, imechelewa mno: FDA, mamlaka yake ya dawa, ilipendekeza kuiruhusu bemotrizinoli Desemba 2025, kwa kiwango cha hadi asilimia 6. Ulaya inaruhusu hadi asilimia 10.

Wanaopaswa kufikiriwa kwanza katika habari hii ni watu wenye ualbino. Melanini nayo humeza mionzi na kuigeuza joto; ngozi yao ina kidogo sana, na saratani ya ngozi huwapata wengi wakiwa bado vijana. Mjini Moshi, Tanzania, mafuta ya kujikinga na jua ya KiliSun hutengenezwa kwa ajili yao kwa msaada wa BASF, kampuni iliyoinunua Ciba mwaka 2009. Naamini kinga ya namna hii ingepaswa kupatikana kwenye kila zahanati kama dawa nyingine muhimu.

Ukinunua dukani, soma orodha ya viambato. Kwenye bidhaa za Ulaya jina la bemotrizinoli ni refu: Bis-Ethylhexyloxyphenol Methoxyphenyl Triazine. Paka kwa wingi, rudia kila baada ya saa mbili, na mara tu baada ya kuogelea au kutokwa na jasho jingi, kwa sababu molekuli isiyovunjwa na jua bado hufutwa na taulo. Kofia pana na nguo za mikono mirefu ziendelee kuvaliwa.