Siri Iliyomo Ndani ya Mwani

Ashukapo mtu katika pwani ya Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa hata miamba ya mbali imefunuka, huwaona wanawake wameinama baina ya safu za vigingi, wakifunga vipande vya mwani kimoja kimoja katika kamba. Kilimo hicho kilishika mizizi mwaka 1989, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino, baada ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kudhihirisha kwa muda mrefu kwamba bahari yetu inafaa kulimwa.

Baada ya majuma sita hivi mwani huvunwa na kuanikwa, na kilo 7 au 8 za mbichi aghalabu hutoa kilo moja tu ya mkavu. Thamani yake haimo katika majani, bali katika karaginani, yaani minyororo mirefu ya sukari iliyobeba chembe za salfeti, ambayo mmea huitumia kujenga kuta za seli zake. Viwandani mwani huoshwa, hupikwa katika maji ya magadi makali ambayo huondoa sehemu ya salfeti hiyo, na kwa sababu hiyo minyororo hupata kujisokota na kuyashika maji. Kisha rojo huchujwa, huimarishwa kwa chumvi ya potasiamu au kwa alkoholi, hukaushwa na kusagwa likawa unga mweupe. Ni unga huo uzuiao dawa ya meno isijitenge na kakao isituame chini ya chupa ya maziwa. Mwani wa kotonii hutoa rojo gumu, nao una bei nzuri. Wa spinosamu hutoa rojo laini, na bei yake ni duni.

Walakini kotonii, ulio na tija zaidi, ndio uliodhoofika. Maji yapatapo joto la kupita kiasi, matawi hugeuka meupe, yakalainika, yakakatika, na shamba zima huweza kuharibika kabla ya mavuno. Fauka ya hayo, mbegu ni vipande vilivyokatwa katika mmea ule ule mwaka baada ya mwaka, hata mashamba yote yakawa kama mmea mmoja, na ugonjwa unaoushinda mmoja huishinda yote. Hapa ndipo bioteknolojia ya bahari ipasapo kuingia: kukuza miche mipya katika chupa za maabara kutokana na kipande kidogo cha tishu, au kuotesha vijimbegu vya uzazi ili zipatikane aina mbalimbali, na kuchagua zile zistahimilizo joto. Wataalamu wamejaribu pia kuulima katika maji ya kina kirefu yaliyo baridi zaidi, shauri lililo jema. Lakini huko kwahitaji vyombo na kuogelea, mambo ambayo wengi wa wakulima hawa, nao wengi wao ni wanawake, hawakufundishwa, na si haki kuwatengenezea dawa wasiyoweza kuifikia.

Msaada wanaoweza kuufikia nao upo: tangu mwaka 2006 Dakta Flower Msuya, kwa ushirika wa wakulima na wanasayansi alioshiriki kuuasisi Zanzibar, amewasaidia wanawake kusaga mwani na kuuchanganya na mafuta ya nazi na karafuu, wakafanya sabuni iuzwayo kwa bei ambayo mwani mkavu wa uzani ule ule haujapata kuifikia. Tija hiyo ni ndogo ikilinganishwa na biashara ya karaginani, ambayo faida yake kubwa hubaki ughaibuni, lakini inadhihirisha kwamba maarifa yakikaa karibu na shamba, mkulima naye hupata fungu lake.

Basi kwa wenye mamlaka na vyuo vyetu, ombi ni hili: benki ya mbegu na maabara ya kukuzia miche ziwekwe katika vijiji vya pwani, na mabinti wa wakulima wa mwani wawe wa kwanza kusomeshwa kazi hiyo.