MADA YA 6: MSUGUANO NA MWENDO WA MDUARA
Kwa nini gari la mbio hufungwa matairi mapana?

Swali hili huwapotosha watahiniwa wengi, hata wale waliokariri kanuni zote. Umefundishwa kwamba kani ya msuguano haitegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Tofali likilazwa kwa ubavu wake mpana au likisimamishwa kwa ubavu mwembamba, kani ya kulisukuma juu ya meza ni ileile. Sasa unaulizwa: kama ndivyo, kwa nini madereva wa mbio hutoa matairi membamba na kufunga mapana? Je, kanuni ni ya uongo, au madereva wanapoteza fedha bure?

Jibu ni kwamba hakuna kati ya hayo mawili lililo kweli. Soma hatua kwa hatua, maana alama za swali la "eleza" zimo katika hatua, si katika sentensi ya mwisho.

Gari tutakalolitumia

Tuchukue gari dogo la viti viwili, Mazda MX-5, lililoanza kuuzwa mwaka 1989. Wenye magari haya huyapeleka sana kwenye viwanja vya mbio kwa sababu ni mepesi na uzito wake umegawanyika karibu sawa kati ya mbele na nyuma. Toleo la kwanza lilitoka kiwandani na matairi ya 185/60R14 juu ya rimu yenye upana wa inchi 5.5. Wanaoliendesha uwanjani mara nyingi hufunga matairi ya 225/45R15 juu ya rimu yenye upana wa inchi 9.

Kwanza jifunze kusoma maandishi hayo. Katika 225/45R15, namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 45 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 45 ya upana. Herufi R ni aina ya muundo wa nyuzi za ndani. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi 1 ni milimita 25.4.

Mfano wa 1. Tafuta kipenyo cha kila tairi.

Tairi la zamani: kimo cha ubavu = 0.60 × 185 = 111 mm. Rimu = 14 × 25.4 = 355.6 mm. Kipenyo = 355.6 + 2(111) = 577.6 mm.

Tairi jipya: kimo cha ubavu = 0.45 × 225 = 101.25 mm. Rimu = 15 × 25.4 = 381 mm. Kipenyo = 381 + 2(101.25) = 583.5 mm.

Tofauti ni 5.9 mm tu, yaani asilimia 1 hivi. Kwa hiyo spidomita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari sasa linakwenda takribani kilomita 101. Upana umeongezeka sana, lakini kipenyo kimebaki karibu palepale. Ndiyo sababu vipimo hivi viwili huweza kubadilishana.

Hatua ya kwanza: eneo halikuongezeka kama unavyodhani

Wengi huandika: "Tairi pana lina eneo kubwa, kwa hiyo msuguano ni mkubwa." Jibu hilo lina makosa mawili. Tuanze na la kwanza.

Gari likiwa na dereva wake tulichukulie kuwa na tungamo la kilo 1,000. Kwa g = 10 N/kg, uzito ni 10,000 N, na kila tairi hubeba 2,500 N. Kinachobeba mzigo huo ni upepo ulio ndani ya tairi. Tuseme kanieneo ya upepo ni 200,000 N/m².

Eneo = kani ÷ kanieneo = 2,500 ÷ 200,000 = 0.0125 m², yaani sentimita za mraba 125.

Angalia vizuri: upana wa tairi haumo kabisa katika hesabu hiyo. Kwa mzigo uleule na upepo uleule, tairi jembamba na tairi pana hugusa lami kwa eneo linalokaribiana sana. Kinachobadilika ni umbo. Tairi jembamba likigusa kwa upana wa sm 15, urefu wa sehemu inayogusa ni sm 8.3. Tairi pana likigusa kwa upana wa sm 20, urefu ni sm 6.25. La kwanza linaacha alama ndefu na nyembamba; la pili linaacha alama fupi na pana. (Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ndogo ya mzigo.)

Hata hivyo, tairi pana humpa dereva uhuru wa kupunguza upepo kidogo bila tairi kulegea kupita kiasi. Akipunguza upepo, eneo ndipo linapoongezeka, na kila sentimita ya mraba ya mpira hubeba mzigo mdogo zaidi.

Hatua ya pili: mpira si tofali

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kanuni F = μR, ambapo R ni kani inayobana nyuso mbili pamoja na μ ni namba ya msuguano, inafaa sana kwa vitu vigumu: mbao juu ya mbao, chuma juu ya chuma. Kwa vitu hivyo μ haibadiliki ukiongeza mzigo. Mpira ni laini. Hujipenyeza katika vijishimo vya lami na kushikamana na mawe yake. Ukiubana zaidi, mshiko huongezeka, lakini si kwa uwiano uleule. Mzigo ukiwa maradufu, msuguano hauwi maradufu, unapungukiwa kidogo. Kwa maneno mengine, μ ya mpira hushuka kadiri mgandamizo unavyopanda.

Hapa ndipo tairi pana linapopata faida yake. Gari likiingia kwenye kona kwa kasi, mzigo huhama kutoka matairi ya upande wa ndani kwenda ya upande wa nje.

Mfano wa 2. Matairi mawili ya mbele yamebeba 2,500 N kila moja, na μ ni 1.0. Kwenye kona, tairi la nje linabeba 4,000 N na la ndani 1,000 N. Chukulia kwamba kwa tairi jembamba μ inakuwa 0.90 kwa la nje na 1.10 kwa la ndani. Kwa tairi pana, ambalo mgandamizo wake hubadilika kidogo, μ inakuwa 0.95 na 1.05. Linganisha kani za juu kabisa za msuguano.

Kabla ya kona: 1.0 × 5,000 = 5,000 N.
Tairi jembamba: (0.90 × 4,000) + (1.10 × 1,000) = 4,700 N.
Tairi pana: (0.95 × 4,000) + (1.05 × 1,000) = 4,850 N.

Mzigo wote ni uleule wa 5,000 N, lakini mshiko umepungua katika hali zote mbili. Tairi pana limepoteza kidogo zaidi kuliko kuongeza kitu kipya. Tairi pana haliumbi msuguano, linazuia usipotee.

Kuna faida ya tatu, nayo ni joto. Kila mzunguko wa uwanja huupasha mpira moto, na mpira uliopita kiwango chake cha joto huteleza. Tairi pana lina mpira mwingi wa kugawana joto hilo, kwa hiyo hudumu mizunguko mingi kabla ya kuchoka. Kwa sababu hiyo dereva anaweza kuchagua mpira laini zaidi, wenye μ kubwa, ambao juu ya tairi jembamba ungeisha haraka.

Hatua ya tatu: unganisha na mwendo wa mduara

Gari likizunguka kona, kani inayolivuta kuelekea katikati ya mduara ni msuguano wa matairi peke yake. Hivyo:

mv²/r = μmg, kwa hiyo v = √(μgr)

Mfano wa 3. Kona ina nusukipenyo cha m 50. Tafuta kasi ya juu kabisa μ ikiwa 0.9, kisha ikiwa 1.0.

v = √(0.9 × 10 × 50) = √450 = 21.2 m/s, takribani km 76 kwa saa.
v = √(1.0 × 10 × 50) = √500 = 22.4 m/s, takribani km 80 kwa saa.

Zingatia mambo mawili. Tungamo limejifuta, kwa hiyo usiandike kwamba gari zito hushika kona vizuri zaidi. Pia μ imepanda kwa asilimia 11, lakini kasi imepanda kwa asilimia 5 hivi tu, kwa sababu ya kipeuo cha pili.

Gharama ya upana

Swali likisema "jadili", mtahini anataka pande zote mbili. Andika pia hasara hizi.

(a) Maji. Tairi lazima lisukume maji pembeni ili liguse lami. Kwenye maji ya kina cha mm 3, kwa kasi ya 25 m/s, tairi linalogusa kwa upana wa m 0.15 husukuma 0.15 × 0.003 × 25 = 0.01125 m³, yaani lita 11.25 kila sekunde. La upana wa m 0.20 husukuma lita 15. Likishindwa kuyaondoa, gari huelea juu ya maji, na usukani na breki havifanyi kazi. Tairi lililo bora siku ya jua laweza kuua siku ya mvua.

(b) Inesha. Gurudumu likiwa zito zaidi, hasa mbali na katikati yake, ni gumu kuanza kuzunguka na gumu kusimama. Injini ya lita 1.6 haikuongezewa nguvu. Kilichopatikana kwenye kona chaweza kupotea kwenye njia iliyonyooka.

(c) Momenti ya kani. Rimu ikichomoza nje kwa mm 25 zaidi, momenti inayoongezeka kwenye beringi ni 2,500 N × 0.025 m = 62.5 Nm, hata gari likiwa limesimama. Beringi huchakaa mapema.

(d) Nafasi. Tairi pana likikwaruza madigadi au shokapu, laweza kupasuka gari likiwa kasini. Tena tairi pana halifai juu ya rimu nyembamba ya zamani: mbavu hufura, na uso wa tairi hauketi sawasawa juu ya lami. Ndiyo maana rimu na tairi hubadilishwa pamoja.

Namna ya kujibu katika mtihani

Swali: Eleza kwa nini tairi pana huongeza kasi ya gari la mbio kwenye kona kavu. (Alama 4)

Jibu: Kani inayogeuza gari kwenye kona ni msuguano kati ya tairi na lami. Namba ya msuguano ya mpira hushuka mgandamizo unapopanda. Tairi pana likiwa na upepo uliopunguzwa husambaza mzigo, hivyo mgandamizo na joto hubaki chini na μ hubaki juu. Kwa kuwa v = √(μgr), μ ikiwa kubwa, kasi ya juu kabisa kwenye kona huwa kubwa.

Ona kwamba jibu halikusema popote "eneo kubwa, msuguano mkubwa".

Jipime

1. Tafuta kipenyo cha tairi la 195/50R15.
2. Upepo wa tairi lililobeba 2,500 N umepunguzwa hadi 160,000 N/m². Tafuta eneo linalogusa lami.
3. Mvua imeshusha μ hadi 0.5. Tafuta kasi ya juu kabisa kwenye kona ya m 50 kwa km/saa.

Majibu: 1. 576 mm. 2. 0.0156 m². 3. 15.8 m/s, takribani km 57 kwa saa.