Kulivua Tangi la Pikipiki Kuukuu

Huku Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, upepo wa bahari huja na chumvi, na chumvi hula chuma. Ukitaka kuifufua pikipiki kuukuu ya babako, kwanza ulivue tangi la petroli. Basi fanya hivi.

Itoe pikipiki nje, mbali na jiko, taa na sigara; kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hata ukakuta moto. Watoto wasikaribie. Kama ina betri, ondoa waya zake. Funga koki, chomoa mpira, kisha uikinge petroli katika debe la bati lenye kifuniko, wala si katika chupa ya soda, mtoto asije akainywa. Usiinyonye kwa mdomo. Ondoa kiti, fungua bolti, uliinue tangi polepole, na bolti zote uzitie katika kopo moja.

Sasa sikiliza sana. Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani, ukichanganyika na hewa, hulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo usikubali lichomelewe kabla halijasafishwa na fundi ajuaye. Tangi jingine hupatikana. Baba wa watoto hapatikani mwingine.