Mechi 13, kupigwa 13: sezoni ya maumivu ya wanafunzi wa jeshi wa West Point

Katika muji wa Kamina, mambo ya jeshi si mageni. Base yenye Wabelgiji walijenga hapa ndiyo ndege za maparashuti wao zilitokea tarehe 24 mwezi wa 11, 1964, kwenda Stanleyville, leo Kisangani. Kwa hiyo habari ya vijana wa jeshi wenye walipigwa sezoni nzima mbele ya inchi yao itaeleweka hapa bila shida.

Ni ekipe ya West Point, chuo chenye kinatayarisha maofisa wa jeshi la Marekani tangu 1802, pembeni ya mto Hudson, kaskazini ya New York. Tuelewane kwanza: mupira wao si ule wa Mazembe na Lupopo. Wanaushika na mikono, wanaukimbiza ao wanautupa, na wanagongana kifua kwa kifua.

Katika 2003 walicheza mechi 13, wakapigwa zote 13. Mbele ya hapo, hakuna ekipe ya daraja la juu la vyuo vikuu vya Marekani yenye ilikuwa imefikia hesabu hiyo. Kocha Todd Berry alifukuzwa nyuma ya mechi 6. Tangu 2000 alikuwa ameshinda mechi 5 tu na kupoteza 35. Musaidizi wake, John Mumford, akachukua kazi na kupoteza 7 zenye zilibakia. Ya mwisho ndiyo iliuma kupita zote: tarehe 6 mwezi wa 12, Philadelphia, mbele ya wapinzani wao wa siku zote, chuo cha jeshi la majini, 34 kwa 6.

Na ni ekipe hiyohiyo yenye haikupoteza hata mechi moja kutoka 1944 mpaka 1946!

Kijana mwenye kipaji, mwenye anaota kulipwa pesa nyingi katika mupira, anafikiri mara mbili mbele ya kuingia West Point, juu nyuma ya masomo anapaswa kutumikia jeshi miaka 5. Jeshi pia halitaki ofisa munene sana, na ule muchezo unapenda watu wa kilo 140. Juu ya ile yote, Berry aliacha muchezo wa zamani wa kukimbia na mupira, akataka wautupe mbali kama ekipe zenye zilikuwa na vijana wakubwa kuwapita. Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa lenye lilimaliza ekipe. Wengine watalaumu viongozi wenye waliingiza chuo katika ligi ngumu mu 1998. Nao hawakosi sababu.

Lakini kulikuwa na jambo nzito kupita mupira. Vita ya Irak ilianza mwezi wa 3 wa mwaka ule. Wachezaji wa mwaka wa mwisho walijua kama kisha miezi michache watakuwa maofisa, na kama askari wataenda vitani chini ya amri yao. Siku ya posho wanapigwa mbele ya watu, kisha wanarudia masomo na gwaride kama wengine wote. Hakuna mwenye alipunguziwa kazi juu amepoteza mechi.

Mu 2004 kocha mupya, Bobby Ross, alipoteza mechi 4 za kwanza. Hesabu ikafika 19 mfululizo. Ya tano, wakapiga Cincinnati 48 kwa 29. Jeshi la majini, lakini, liliendelea kuwapiga kila mwaka, mara 14 mfululizo, kutoka 2002 mpaka 2015. Jeff Monken, mwenye alianza mu 2014, aliendelea na muchezo wa kukimbia, na tarehe 10 mwezi wa 12, 2016, Baltimore, West Point ikashinda 21 kwa 17.

Kuna desturi nyuma ya ile mechi: ekipe mbili zinasimama pamoja, zinaimba kwanza wimbo wa chuo chenye kimepigwa, kisha wa chenye kimeshinda. Kwa miaka 14 wimbo wa West Point ulikuwa wa kwanza. Siku ile ukaimbwa wa pili.